Kituo cha polisi cha mkoa: ramani ianzie ofisi ya kamanda au ianzie kaunta?

Kila bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ikisomwa Dodoma wabunge wanasimama kuomba vituo, huyu kata yake haina kabisa, huyu ana boma limeishia kwenye lenta na wananchi walishachanga mpaka wakachoka, huyu wilaya yake ni mpya na OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, anafanyia kazi jengo la kuazima. Na jibu linakuwa lilelile, vitajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Maombi ni halali kabisa, sina ugomvi nayo. Ila likija suala la kituo kikubwa cha ngazi ya mkoa kuna swali naona tunaliruka, kwamba kile kituo kinajengwa kwa ajili ya nani hasa, na mchoraji ramani anaanza na chumba gani. Naomba tuliangalie hili kwa mfano wa Kibiti na Rufiji, maana kule kila upande una hoja nzito na hamna upande unaoweza kuudharau.

Kwa ambao hawakufuatilia kipindi kile, 2016 na 2017 eneo la Mkuranga, Kibiti na Rufiji, watu walikuwa wanaliita MKIRU kwa kifupi, liliingia kwenye mauaji ya kutisha sana. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na askari waliuawa kwa risasi, wengine wakiwa majumbani kwao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliviziwa barabarani wakiwa kwenye gari lao wakauawa wote na silaha zikachukuliwa. Mwaka huohuo ukaanzishwa mkoa wa kipolisi wa Rufiji wenye RPC wake, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, ukatolewa kwenye Pwani. Mkoa wa kipolisi sio lazima ufanane na mkoa wa kiserikali, Tarime na Rorya ziko Mara kiserikali ila kipolisi zina kamanda wao, na Dar nayo imegawanyika Ilala, Temeke na Kinondoni chini ya Kanda Maalum.

Sasa wanaosema mkoa wa kipolisi lazima uwe na makao yanayoeleweka wana ramani ya nchi upande wao. Makao makuu ya Pwani yako Kibaha, barabara ya Morogoro. Kibiti iko barabara ya Kilwa, ile ya kwenda Lindi. Mtu akitoka Kibiti kwenda Kibaha anapita Mkuranga, anaingia Mbagala, yaani anaingia mkoa mwingine kabisa, anakatiza jiji na foleni zake halafu ndo anatokea Kimara, Mbezi mpaka Kibaha. Zaidi ya kilometa 150. Jalada la kesi nzito linalotakiwa kupitiwa na RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, lisafiri njia hiyo liende na lirudi, mpelelezi aitwe kutoa maelezo asafiri njia hiyo, ndugu wa marehemu mwenye malalamiko dhidi ya kituo cha wilaya na anataka kumuona kamanda nae asafiri njia hiyo kwa nauli yake mwenyewe. Hapo hata mimi ninayependa vituo vidogo sina cha kubisha, kusogeza maamuzi karibu ni haki ya watu wa kule na ilichelewa.

Hoja yao ya pili ni ya silaha na usalama wa askari wenyewe. Septemba 2014 kituo cha Ushirombo, wilaya ya Bukombe mkoani Geita, kilivamiwa usiku, askari 2 wakauawa na bunduki zikabebwa. Julai 2015 ikawa Sitakishari, Ukonga, ndani ya Dar es Salaam kabisa, watu 7 wakapoteza maisha wakiwemo askari 4, na hapo napo walichokifuata ni silaha. Ukishaona matukio kama hayo unaelewa kwa nini mkubwa wa polisi anakuwa mgumu kutawanya askari wawili watatu na bunduki kwenye kijengo chenye mlango wa mbao na taa moja ya nje. Kituo kikubwa kina ukuta, kina ghala la silaha lililojengwa kama ghala, kina zamu zinazoeleweka na difenda, gari la doria, ya kutoka usiku. Askari nae ni baba au mama wa mtu, huwezi kumwambia akalale kwenye kijengo kile uvamizi ukitokea tumzike kishujaa.

Upande wa pili nao usikilizwe. Wilaya ya Kibiti sio barabara ya lami peke yake. Kuna delta ya Rufiji, kata kama Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni, visiwa vya mikoko ambako usafiri ni boti au mtumbwi na unaondoka kwa kuangalia maji, yakikupwa unasubiri. Mama wa kule mtoto wake akifanyiwa unyama anatakiwa afike polisi apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, aende hospitali, arudi kutoa maelezo, na ushahidi wenyewe wa kitabibu hausubiri. Afu mvua zikiwa kubwa kama 2024 mto Rufiji ulivyofurika hadi mashamba na makazi ya watu yakaingia maji, hata huku bara njia zinakatika. Kwa mama huyu RPC kuwa Kibaha au kuwa karibu zaidi hakubadilishi kitu siku hiyo. Kinachobadilisha ni kuwepo kwa askari watatu wanaojulikana kwa majina kijijini, boti yenye injini nzima, na mafuta ya kuiendesha. Na hapa ndo pabaya, maana jengo la mkoa likizinduliwa linapigwa picha na kila kiongozi anataka awepo, mafuta ya boti hayazinduliwi na mtu, kwa hiyo bajeti ikibana tunajua kipi kinakatwa kwanza.

Hizo hoja mbili za umbali na usalama ndo zinajadiliwa kila siku, ila mi naona ya tatu ndo inaamua yote, nayo ni kuaminika. Kibiti haikukosa polisi tu, ilipitia kipindi ambacho watu waliwaogopa wauaji na wengi wakawaogopa pia waliokuja kuwasaka wauaji. Mwandishi wa Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa anaripoti mauaji yale, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. 2018 Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa upinzani, alidai uchunguzi huru kuhusu watu waliouawa na waliopotea MKIRU. Kuna familia bado zinaulizia watu wao. Sasa mtu wa namna hiyo, ambae hata ukimuona anatembea barabarani hujui kabeba nini moyoni, unamjengea jengo la ghorofa lenye geti na bendera ukitegemea ataingia kutoa taarifa? Hataingia. Atakaa na taarifa yake, na polisi bila taarifa za raia hana anachoweza, hilo polisi wenyewe ndo walisema walivyoanzisha polisi jamii na baadae kupeleka wakaguzi kwenye kata.

Kwa hiyo nikiulizwa ramani ianze wapi, nasema ianze kaunta na mahabusu, ofisi ya kamanda ije mwisho. Nyie wenyewe mnajua kaunta zetu zilivyo. Unafika umeibiwa, mbele yako kuna mtu kapigwa na mume wake anaeleza kwa sauti ya chini, afande anamwambia ongea nisikie, na nyuma kuna bodaboda sita wamekuja kufuatilia pikipiki zao wanasikia kila neno. Dawati la jinsia na watoto vituo vingi tunalo ila ni chumba kilichotafutwa baada ya jengo kuisha, mlango wake unafunguka palepale kaunta, na kila anayeingia mle watu wanajua kaja na kesi gani. Kwenye jengo jipya hili halina kisingizio. Mlango wa dawati uwe wa pembeni, na sehemu ya kusubiri iwe yao peke yao. Ni mlango mmoja na ukuta mmoja, haufanyi gharama ya mradi ipande kivile.

Mahabusu vilevile. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuchanganywa na watu wazima, sasa kituo kikijengwa na vyumba viwili tu, wanaume na wanawake, mtoto wa miaka 15 aliyekamatwa kwa kuiba simu anawekwa wapi? Na kitabu cha mahabusu kikae mahali ambapo ndugu akija kuuliza fulani yupo anajibiwa yupo au hayupo, kaingia saa ngapi, kwa kosa gani. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inazungumzia saa 24 za kumfikisha mtu mahakamani, na 2018 Kangi Lugola akiwa waziri alilazimika kutangaza hadharani kwamba dhamana ni saa 24 siku zote 7, yaani kitu kilichokuwa haki tayari kikahitaji waziri akiseme. Sehemu yenye historia ya watu kupotea, kile kitabu kina uzito kuliko marumaru zote za jengo.

Suala la fedha nitaligusa kidogo. Vituo vingi vya kata vinaanza kwa nguvu za wananchi, mchanga, mawe, tofali, halmashauri inaongezea, mbunge anatoa mabati. Hilo zuri na limesaidia sehemu nyingi. Ila tajiri mmoja akibeba nusu ya jengo, au mwekezaji mwenye shamba la maelfu ya ekari akileta saruji, halafu kesho ana mgogoro wa ardhi na wanakijiji, nani ataamini lile jalada? Afadhali kituo kichelewe kidogo kijengwe kwa fedha ya serikali. Na kwenye makadirio hayohayo ziingie nyumba za askari, maana askari akipangishiwa chumba na mtu anayemdai kodi ya miezi miwili nae anakuwa na mtu wa kumuogopa.

Nikipima yote, mkoa wa kipolisi wa Rufiji ulistahili kuanzishwa na unastahili makao ya maana, hoja ya Kibaha peke yake inatosha. Nachokataa ni mpangilio wa kujenga makao kwanza halafu vituo vya delta na barabarani vibaki ahadi. Mradi ungekuwa mkononi mwangu ningeupitisha kama kitu kimoja: jengo la mkoa la ukubwa wa kawaida lisilo na ghorofa za sifa, vituo vya kata viwili vitatu vyenye ukuta na mawasiliano ya uhakika, silaha nzito zikae makao tu, boti na mafuta yake viandikwe kwenye bajeti ya uendeshaji ya kila mwaka. Na kabla kontrakta hajaonyeshwa kiwanja, RPC aitishe mikutano Kibiti, Ikwiriri na kwenye delta, asikie watu wanataka kituo kikae wapi na wanaogopa nini, na familia zinazotafuta ndugu zao zipewe nafasi ya kwanza kuongea.