Kabla hamjaiamini ile video ya kitambaa

Najua mmeshaiona, ile ninayojisifia misuli mbele ya marafiki. Mshkaji wangu hakukaa nayo hata nusu saa, ikawa imefika kwenye kila kundi nililomo. Basi msikilizeni na mshtakiwa.

Kwanza, wanaosema "sponji" waache uongo. Kilikuwa kitambaa cha kufutia meza. Tuheshimiane.

Wiki tatu nzima nilikuwa naunda kihisi kidogo cha kuvaa mkononi, cha kupima kazi ya msuli. Msuli ukikaza hutoa umeme, ila umeme wenyewe kiduchu, milivolti chache hata ukikaza mpaka mishipa ya shingo itoke. Unabandika stika mbili za kunasa umeme huo juu ya msuli, zikiachana kama sentimita 2, halafu ya tatu, ya rejea (yaani ya kulinganishia), unaiweka penye mfupa, kwangu kiwikoni. Amplifaya inachukua tofauti ya zile mbili, inaikuza, laptopu inachora. Hiyo stika ya tatu ikumbukeni. Mimi niliisahau.

Wakaja marafiki wanne. Mshkaji akatangulia kupimwa. Huyu ni mtu wa mazoezi, fulana zake zote zinalia mabegani. Akakunja mkono, grafu ikapanda kilima cha heshima, basi. Hapo laptopu ikalalamika: chaji asilimia 4. Nikachomeka chaja. (Mafundi mmeshaanza kushika vichwa. Tulieni.)

Zamu yangu. Nikabandika harakaharaka, jasho linatiririka, sikunyoa nywele wala kufuta ngozi. Nikakunja mkono.

Grafu ikagonga dari.

Video inaanzia hapa, mimi nikisema: "Kaka, misuli si fulana. Misuli iko ndani." Kisha nikaubusu mkono. Ndiyo, niliubusu. Nikaongeza kwamba kwetu ni ya kurithi.

Mshkaji akauliza kwa upole wa kutisha, "Hapo umekaza?"

"Hapana, nimepumzika."

"Mbona bado iko juu?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Msuli wa kweli haulali."

Akasogea. Akashika stika ya kwanza, akaivuta taratibu, ikaja na nywele zake. Sikupiga yowe; sauti mnayoisikia ni kiti. Akavuta ya pili, taratibu zaidi. Ya tatu hakuwa na haja ya kuivuta, ilikuwa inaning'inia kwenye waya sijui tangu lini. Tukageukia skrini. Grafu iko palepale darini. Mkono wangu mtupu, hauna hata waya, na bado "nakaza".

Akachukua kitambaa, kimelowa maji ya meza, akakibandika zile stika mbili. Grafu haikushuka hata nukta. Watu wanne wakakitazama kitambaa, wakautazama mkono wangu, wakarudi kwenye kitambaa. Mmoja akanong'ona, "Na chenyewe kimepumzika."

Yaliyobaki nayapitisha mbio. Umeme wa ukutani hutetema mara 50 kwa sekunde, kwingine 60, na mawimbi ya msuli yako kati ya 20 na 500 hivi, kwa hiyo mgeni huyo akiingia anajichanganya na wenyeji. Rejea imebanduka, chaja imeleta mtetemo wake, amplifaya haichagui, imekuza kila kilichopita mlangoni. Na kuchomeka chaja huku umejifunga nyaya mwilini ni hatari kweli, hapo sitanii, msijaribu. Nimeshapima upya kwa betri tupu, nimenyoa, nimefuta kwa spiriti, stika ya tatu nimeikandamiza kama muhuri. Kilima changu kipo. Ukikuza picha unakiona.

Asubuhi wamenitumia ratiba ya mazoezi ya mwezi mzima. Chini, penye jina la kocha, wameweka picha ya kitambaa.