Mokele-mbembe ama kuku ya Kadutu, dinozori wetu njo yupi?

Juzi nilikuwa kwa saloni ya kunyoa hapa Kadutu, mu Bukavu, kijana mumoja wa lisee akatoa telefone akatuonesha video, mto, majani, kisha kitu ya shingo murefu inatoka polepole kwa maji. "Yaya angalia, ile njo mokele-mbembe, dinozori iko hai hapa Kongo, wazungu wanajua wananyamaza tu." Video ilikuwa ya kutengeneza na kompyuta, mutoto mwenyewe angeona, lakini saloni ikagawanyika. Wengine upande wa kijana, wengine upande wa mzee mumoja aliyekuwa anangoja zamu yake, yeye anasema dinozori walimalizika zamani kabisa, hata moja haikubakia. Na miye nikakosea kufungua kinywa, nikasema wote wawili munakosea, dinozori tulimukula saa sita na bugali. Wakaseka mpaka kinyozi akazima mashini.

Sikupata nafasi ya kumaliza maneno yangu pale, acha nimalizie hapa.

Kijana kwanza, juu watu wanamuchekaka bure. Mokele-mbembe haiko ya kwetu hata, habari yake inatoka Likouala, Kongo ya Brazzaville, upande wa ziwa Tele, mbali na Bukavu kama vile Dar es Salaam. Roy Mackal, profesere wa Chicago, alienda kule 1980 na tena 1981, yeye mwenyewe hakuona. Mwaka 1983 Marcellin Agnagna, mwana biolojia wa Brazzaville, akasema yeye ameona na macho yake kwa lile ziwa, lakini picha ya kueleweka haikutokea. Mpaka leo njo hivyo, mashahidi wako, mufupa hauko.

Lakini kijana alisema kitu moja yenye sijamupinga mpaka leo: "na okapi je?" Na ni kweli. Wambuti, watu wa pori ya Ituri, walimujua okapi, ule ndugu ya twiga, tangu mababu, masomo ya wazungu ikamupatia jina 1901 tu. Gorila wa milima, wazungu wakamujua mwaka 1902 kwa mulima Sabinyo, hapa hapa juu ya Goma. Na 1938 kule Afrika ya Kusini wavuvi wakatosha kwa bahari samaki moja, silakanti, yenye maprofesere wote walikuwa wanaijua ndani ya mawe tu na wakaandika kama ilimalizika wakati moja na dinozori. Sasa mutu wa Kongo akisema pori inaficha vitu haiko mujinga, pori imekwisha kuonesha kama inaweza.

Shida ni hii. Silakanti anakaa chini ya bahari, mamia ya metre, fasi hakuna mutu anatega nyavu kila siku. Likouala kuko vijiji, kuko mitumbwi, kuko watu wanavua asubuhi na jioni. Na mnyama hawezi kubakia moja peke yake miaka milioni 66 kama mzee mwenye kukataa kufa, anahitaji bibi, watoto, wajukuu, kundi nzima, na kundi inakufaka, inaacha mifupa, inaacha hata mavi, sasa mnyama wa ukubwa ya tembo mavi yake utaikosa namna gani?

Na kuko jambo ingine yenye inaniumaka zaidi. Ukisikiliza vizuri namna wanaelezaka ule mnyama, shingo murefu, mukia, anaishi ndani ya matope na maji, utaona ni dinozori wa vitabu vya zamani. Miaka ya 1900 na kitu wataalamu walifikiri wale wakubwa wa shingo murefu walikuwa wazito sana, kwamba lazima maji iwabebe, njo wakawachora ndani ya mabwawa. Mwaka 1909 Mjerumani mumoja muuza wanyama, Carl Hagenbeck, akaandika kwa kitabu kama mnyama wa vile iko mu mabwawa ya Rhodesia (leo Zambia na Zimbabwe). Kisha masomo ikaendelea, wakaona wale walitembea inchi kavu, na miguu ya nguzo sawa tembo. Lakini mokele-mbembe hakupata habari, yeye anabakia tu ndani ya maji! Anafanana na kosa ya wataalamu kuliko dinozori wenyewe. Na ule mutindo wa kufikiri kama Afrika ni fasi wakati ilisimama, kwa hiyo wanyama ya kale watakuwa kule, miye sipendi, hata ikisemwa na mutu wa kwetu mwenye kujivuna. Simaanishe wavuvi wa Likouala wanadanganya watu. Wanaweza kuwa wanaona kitu, tembo anaogelea na mukonga juu, ao mambo ya imani yao yenye haituhusu. Ni tafsiri ya mugeni njo nakataa.

Ukitaka shingo murefu ya kweli vuka ziwa Tanganyika. Tendaguru, kusini ya Tanzania, Wajerumani walichimba kule 1909 mpaka 1913, na watu wa pale wakabeba mizigo ya mawe mpaka baharini, leo mifupa imesimama Berlin, urefu wa kupanda juu metre 13 na zaidi. Na upande wa Rukwa walipata mwingine, 2019 wakamuita Mnyamawamtuka moyowamkia, Kiswahili safi kabisa, juu mifupa ya mukia iko na umbo ya moyo. Mzee wa saloni ile jina ilimufurahisha kuliko mambo yote nilisema.

Sasa mzee. Yeye anasema walimalizika, na vitabu vingi vya masomo vilimufundisha vile: jiwe ya karibu kilometre 10 ilianguka Mexico miaka milioni 66 iliyopita, moshi, giza, baridi, kwisha. Haikosei sana. Ila kuko tawi moja ya dinozori ilipona, ile ya manyoya, njo ndege wa leo, kuku pia. Mwaka 1861 Ujerumani walitangaza Arkeopteriksi, kiumbe wa kale wa ndani ya mawe, mabawa na meno pamoja. Kisha John Ostrom, profesere wa Marekani, 1969, akaandika juu ya Deinonychus, dinozori mumoja wa kuwinda, na watu wakaanza kuona namna ule muwindaji anafanana na ndege. Na 1996 China ikatoa Sinosauropteryx, dinozori mudogo haruki kabisa lakini mwili iko na manyoya ya nywele-nywele. Kutoka pale, maprofesere wengi sana waliacha kubishana.

Ukikuwa na mashaka enda soko, nunua kuku, angalia muguu: magamba, vidole vitatu mbele. Pasua kifua utapata ule mufupa wa mbele, umbo ya V, T. rex, ule dinozori mukubwa wa kula nyama, alikuwa nao pia. Mamba wa Ruzizi ni ndugu wa karibu lakini haiko dinozori, na mujusi wa ukutani ni mbali zaidi, hapo wengi wanachanganyaka.

Mzee akanijibu: "Kama kuku ni dinozori basi neno haina tena maana, nani ameenda soko ya Nyawera akasema nipimie kilo ya dinozori?" Nikaseka, lakini haiko jibu mubaya. Kuna jina la sokoni na kuna jina la ukoo. Kwetu mutoto akizaliwa Kinshasa, asijue hata neno moja ya Kishi, luga ya kwetu, bado ni wa ukoo wa baba yake, hakuna mutu atamutosha juu ya luga. Miye nahesabu kuku vile. Mzee yeye anahesabu kwa macho, na kwa kazi ya kila siku macho yake inatosha.

Nilitaka kumaliza na kitu ya kumupoza kijana. Mwaka 1913 James Chapin, mutaalamu wa ndege wa Marekani, aliona mu Ituri unyoya moja ndani ya kofia ya mutu, hakujua ni ya ndege gani, akaitunza. Miaka 23 kisha, 1936, anazunguka musée ya Tervuren kule Ubelgiji, anakuta ndege wawili wamekaushwa, wamesahaulika, wameandikwa ni tausi wa India. Unyoya ni ule ule. Njo tausi wa Kongo, Afropavo congensis, fasi ingine dunia nzima hayuko mu pori, ni hapa kwetu tu. Dinozori hai, alijificha ndani ya pori yetu, wawindaji wanamujua, maprofesere hawajui. Kila kitu kijana alitaka iko pale.

Nilimuonesha picha kwa telefone. Akaangalia kidogo, akasema "yaya, lakini iko mufupi," akarudi kwa video yake.