Anayetoa Miili Ziwani Anatibiwa na Nani?

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi wa dagaa katika mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza, na tarehe 21 Mei 1996 alikuwa miongoni mwa watu waliopeleka mitumbwi mahali ambapo meli ya MV Bukoba ilikuwa imepinduka, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika bandari ya Mwanza. Nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni jinsi alivyorudi nyumbani siku ya tatu akiwa na harufu ambayo bibi aliitambua mara moja, akamzuia asivuke kizingiti, akamchemshia maji ya kuoga uani. Alipomaliza kuoga, wenzake walimpitia wakaenda kunywa. Hakuna aliyeona vibaya, kwa sababu mtu aliyepokea watoto wa wenzake wakiwa wamekufa alihitaji kitu cha kumpa usingizi, na kilichopatikana mwaloni kilikuwa gongo. Alikunywa kwa miaka 22.

Watu wengi wa hapa wanakumbuka kwamba katika ajali ile kulikuwa na abiria waliokuwa hai ndani ya meli iliyopinduka, na kwamba ubavu wake ulipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeizuia isizame ilitoka na meli ikaenda chini. Baba mdogo alikuwa karibu kiasi cha kusikia wakigonga. Hilo hakulisema kwetu hata mara moja katika miaka yote hiyo. Tulijua tu kwamba hapendi mtu abishe hodi kwa kugonga bati la mlango, na tukaichukua kuwa ni ukali wa mlevi.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga katika kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai. Nchi nzima ilifurahi, na ilistahili kufurahi, lakini baba mdogo alipoisikia habari hiyo redioni alianza kutetemeka, akanywa mfululizo kwa wiki nzima bila kula. Ndipo sisi, ndugu zake, tukafanya kosa ambalo ninaliandika hapa waziwazi kwa sababu najua familia nyingi zinalifanya: tulimfungia chumbani ili aache. Siku ya pili alipata degedege. Tulimkimbiza hospitalini akiwa hajitambui, na daktari aliyempokea alituambia kwamba mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akikatiwa pombe ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku moja au mbili, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na kwamba hali hiyo inaua. Kuacha kwa mtu kama huyo kunahitaji uangalizi na dawa, na vitamini ya B1 kwa ajili ya ubongo. Ufunguo wa mlango haumtibu.

Akiwa wodini, muuguzi mmoja alimuuliza swali ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumuuliza: ulianza kunywa lini, na mwaka huo kulitokea nini? Akajibu kwa saa nzima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini jambo moja, nalo ndilo limenifanya niandike makala hii. Huduma ya akili kwa mwokoaji inapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe, kama boti, kamba na koti la kuokolea, isisubiri mwokoaji aanguke ndipo aitafute. Kwa sasa tunamwachia aombe mwenyewe, nasi tumemfundisha tangu utotoni kwamba mwanamume halii na kwamba dawa ya kila jambo ni kujikaza kisabuni. Hawezi kuomba. Pombe haimdai maelezo, na kwa usiku wa kwanza inafanya kazi, kwani inamlaza haraka. Kinachofuata ndicho kibaya: usingizi wake unakatikakatika, majinamizi yanarudi alfajiri, na glasi iliyotosha mwezi uliopita haitoshi tena. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017 niliunga mkono, na ninaunga mkono hadi leo, lakini baba mdogo hakunywa kwa sababu ya pakiti. Alirudi kwenye gongo tu.

Kwa askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, polisi, na madereva wa magari ya wagonjwa, tatizo lina sura nyingine, kwa kuwa wao wana mwajiri na wana nidhamu ya kazi. Sibishani na kanuni inayomzuia mtu aliyelewa asiingie majini wala asishike usukani, kwa sababu mzamiaji mlevi anaua wenzake. Ninachopinga ni kuishia hapo. Askari akijua kwamba harufu ya pombe itamletea mashtaka na kukwama kwa cheo, na kwamba hakuna mlango mwingine wa kupitia, atajifunza kuificha. Mnasihi anayemsikiliza asiwe bosi wake, wala asilazimike kumpelekea bosi maelezo ya walichozungumza, isipokuwa pale ambapo kuna hatari kwa maisha. Jambo hili ni zito zaidi nchini kwetu, ambako sheria inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyewaza kujimaliza anaogopa polisi kuliko anavyotamani daktari, na vipi ikiwa polisi ni yeye mwenyewe?

Nimesikia pendekezo la kuwakusanya waokoaji wote baada ya tukio na kuwataka kila mmoja aeleze alichokiona, kikao kimoja na kazi imekwisha. Nia ni njema, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kikao cha namna hiyo kisitumike, kwa kuwa utafiti haukuonyesha kwamba kinazuia kiwewe. Linalopendekezwa kwa siku za mwanzo ni msaada wa kawaida kabisa: mahali salama, chakula, kulala, kuwasiliana na familia, na mtu wa kumsikiliza yule anayetaka kusema bila kumlazimisha asiyetaka. Wale ambao baada ya mwezi mmoja au zaidi bado wanaota, bado wanashtuka au bado wanakunywa ili walale, ndio wanaohitaji tiba ya mazungumzo ya kitaalamu, vikao kadhaa, na pombe ikitibiwa sambamba na kiwewe. Kwa hiyo tarehe ya kuandikwa kwenye kalenda ya kituo ni ile ya wiki sita baada ya ajali, wakati waandishi wa habari wameshaondoka na hakuna anayeuliza tena.

Wanaonisikitisha zaidi ni wavuvi, kwa kuwa katika ziwa hili wao ndio hufika kwanza. Ndege ya Precision Air ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, mitumbwi ilitangulia, na watu 24 wakatoka hai. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alitambuliwa kwa uokoaji huo na kupewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, heshima aliyoistahili. Lakini kila tukio lina wengine wengi ambao huvuta watu, hupokea miili, huosha mtumbwi, na usiku uleule hurudi kuvua. Hawana mwajiri wala daktari wa kituo. Hata hivyo wanajulikana: vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vina orodha za mitumbwi, na viongozi wa mwalo wanajua ni nani aliyetoka siku hiyo. Orodha hiyo ikimfikia afisa ustawi wa jamii na zahanati ya karibu, mtu mmoja mwenye mafunzo anaweza kupita nyumba kwa nyumba baada ya wiki sita na kuuliza kuhusu usingizi, chakula na pombe, kisha kuwaelekeza wanaohitaji kwenye hospitali kama Sekou Toure au Bugando. Nauli yao ilipwe, maana safari kutoka kisiwani inakula siku nzima ya kazi.

Baba mdogo hajanywa tangu Novemba 2018. Mwaka jana aliniomba nimsindikize Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, mahali ambapo hakuwa amewahi kukanyaga. Tulikaa hadi jua lilipopungua. Alinionyesha kwa mikono ukubwa wa mtoto wa kwanza aliyempokea, na rangi ya nguo yake bado anaikumbuka.