Waziri wa Nishati wa Vyumba Sita

Kosa langu lilikuwa kuwa na kalamu. Siku hiyo wapangaji tulikuwa barazani tukigombania LUKU kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja, mtu akasema hesabu ziandikwe, wote wakapapasa mifuko, kalamu ikatoka kwangu. Basi! Tangu hapo mimi ndiye Waziri wa Nishati wa nyumba hii ya Mbagala: vyumba sita, choo kimoja, mita moja, na midomo ambayo sijawahi kuihesabu.

LUKU kirefu chake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Sisi tulikuwa tunalipa kadiri mtu anavyojua kubisha. Chumba chenye taa na redio, 3,000. Una TV, ongeza 2,000. Una friji, ongeza 5,000. Siku ya mchango napita na daftari kama karani wa sensa, na kila mlango ninaogonga nakutana na maajabu. TV imegeuziwa uso ukutani, eti imekufa tangu Pasaka. Pasi haipo, lakini mwenye chumba ametoka na shati lenye mkunjo unaoweza kukata nyama. Kwa Mama Barafu nakuta friza limerundikwa nguo za watoto hadi juu.

"Hilo siku hizi kabati, Baba Nuru."

Kabati linanguruma.

Halafu kuna ile 1,500 ya kodi ya jengo. Ilianza 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda, na inakatwa humohumo kwenye LUKU unaponunua umeme wa kwanza wa mwezi. Mwenye nyumba yetu anaishi Kigamboni, anakula upepo wa bahari. Kodi ya jengo lake naipeleka mimi kwa kidole changu kwenye simu. Nikinunua umeme wa 10,000 siku hiyo, zinabaki 8,500, zinaleta yuniti 23 na pointi. Narudi barazani, dogo wa chumba cha nne ananiangalia kwa jicho la upande: "Mzee wangu, mbona nyumba ya pili 10,000 wamepata 28?" Nikaanza kutembea na meseji ya tokeni kama mtu anayetembea na cheti cha ndoa. Tarakimu 20, zihesabu, hakuna niliyoitia mfukoni!

Ndiyo maana lilipotajwa suala la sabumita nilishangilia kuliko wote. Kila chumba mita yake ndogo, kila mtu aonekane anachokula, na mimi nistaafu kwa heshima. Mwenye nyumba akakubali kuzinunua, akapandisha kodi ya chumba 5,000 kwa mwezi. Tukapiga makofi. Sijui tulikuwa tunampigia nani.

Fundi alikuja Jumamosi, akazipanga zote sita kwenye ubao mmoja ukumbini, chini ya mita kubwa. Bibi wa chumba cha tatu akazitazama, akasema LUKU imezaa. Wakati anakusanya bisibisi zake, fundi akanipa elimu ambayo asingenipa ningekuwa mtu mwenye furaha leo. Akasema: kile kitaa chekundu cha kila sabumita kinakonyeza mara 1,000 kwa kila yuniti. Na yuniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Kwa hiyo mtu mwenye saa na subira anaweza kujua kila chumba kinatumia nini muda huohuo, bila kusubiri mwisho wa mwezi.

Subira sina, ila saa ninayo.

Usiku ule nikachukua kigoda nikakaa mbele ya ubao. Chumba cha Bibi: taa moja ya wati 9, kitaa kinakonyeza mara moja kwa karibu dakika saba. Unaweza kwenda dukani kununua kiberiti, ukarudishiwa chenji pungufu, ukabishana, ukarudi, hakijakonyeza tena. Changu mimi, friji likiwa limewaka, kila nusu dakika. Cha dogo, na lile sabufa lake linalotikisa vikombe kwenye kabati langu, kinakonyeza kwa uvivu kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Nikakigonga kidole. Nikadhani kibovu.

Alfajiri saa kumi na moja nikawa nipo tena pale, maana ugonjwa ulishaniingia. Ghafla kitaa cha chumba cha Mwalimu kikaanza kukonyeza kama jicho lililoingiwa na mchanga. Nikaanza kuhesabu na saa: mara 25 kwa dakika moja! Wati 1,500! Mke wangu akatoka na kanga yake, usingizi bado usoni.

"Baba Nuru, unafanya nini hapo?"

"Nyamaza. Namhesabia Mwalimu anavyooga."

Nilikuwa na maana ya hita. Ile ya kutumbukiza kwenye ndoo. Siku mbili chai nilijichemshia mwenyewe.

Ukweli ndio huo lakini. Mwalimu, dada wa watu mpole, hana TV, hana redio, salamu yake hata paka haimshtui, na kwenye daftari langu la zamani alikuwa analipa 3,000 pamoja na Bibi. Kumbe hita dakika 20 asubuhi, dakika 20 jioni, hiyo ni yuniti nzima kwa siku. Kwa mwezi 30. Kwa bei tunayonunulia sisi, pamoja na makato yote, yuniti ni kama 356, kwa hiyo dada anaoga zaidi ya 10,000 kila mwezi, na sisi tulikuwa tunamsugua mgongo. Ongeza na pasi ya sare ya shule. Miaka miwili tumemsimanga dogo kwa ajili ya sabufa, kumbe umeme hauna habari na kelele. Vinavyoula ni vile vinavyotoa moto, na vinaula kimya.

Mwisho wa mwezi nikasoma mita mbele ya kikao. Mama Barafu 41, kabati lile. Mwalimu 38. Mimi 19. Dogo 7, akaamka akacheza bila muziki. Utingo wa chumba cha sita naye 6, na hakuwepo. Aliondoka na lori kwenda Tunduma akaacha feni inapepea kitanda kitupu siku tano. Bibi 3. Bibi akauliza kama kuna zawadi.

Mwalimu hakulia wala hakubisha. Alichukua kalamu yangu, ile kalamu, akapiga hesabu yake pembeni. Akasema, "Waheshimiwa, mtu mwenye mita yake ya LUKU, asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi, akiwekwa kundi la wateja wadogo ananunua yuniti kwa 122. Hapa ndani hakuna hata mmoja anayefika 75. Lakini kwa kuwa mita kubwa ni moja, tukijumlishwa tunaonekana ni mtu mmoja mlafi, tunauziwa kwa 356. Zangu 38 zingekuwa 4,636. Hapa nalipa 13,500 na zaidi."

Kimya. Hata kabati lilinyamaza. Sabumita inakuonyesha umekula nini, bei haiigusi. Nikampigia mwenye nyumba kumwomba kila chumba kivutiwe LUKU yake. Akasema simu inakatika. Simu ilikuwa inasikika vizuri kabisa. Nilisikia hadi mawimbi.

Huo haukuwa mzigo wangu mkubwa. Jumlisha zile namba za vyumba: 114. Mita kubwa ilikuwa imekula 140. Yuniti 26 hazina mwenyewe! Macho yote kwa Waziri. Dogo akapendekeza iundwe tume. Mama Barafu, aliyekuwa anaungojea mwanya huu tangu lile suala la kabati, akasema anayekaa na mita usiku kucha ndiye ajieleze.

Nilizitafuta zile 26 siku nne. Nilizima kila kitu vyumbani usiku, nikabaki namwangalia mama mita kama anahema. Kumbe taa ya chooni! Balbu ile ya kizamani, wati 60, imeungwa moja kwa moja kwenye mita kubwa bila kupita kwenye sabumita yoyote, inawaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu kila anayetoka chooni anaamini kuna anayeingia. Saa 12 kwa siku 30: yuniti 21 na ushee. Mende wa choo chetu wanaishi kwenye mwanga kuliko Bibi.

Bado nne na ushee. Nikamfuata fundi. Akacheka, akasema hizo ndizo za mita zenyewe. Kila sabumita nayo inataka chake, kama wati moja, usiku na mchana, ipime isipime. Sita zikikaa mwezi mzima, ndizo hizo nne. Yaani tumeleta walinzi sita wa chungu, na kila mmoja amekuja na kijiko.

Jana jioni nikaitisha kikao nitoe ripoti. Balbu ya choo nikaibadilisha kwa ya wati 9, ya mfukoni kwangu, hakuna aliyesema ahsante. Nikasema, na hiyo balbu mpya itagawanywa kwa sita. Bibi akasema yeye usiku hatoki, ana kopo. Utingo akasema yeye anaoga njiani. Dogo akasema tununue sabumita ya saba, ifungwe kwenye choo. Mama Barafu akauliza: na umeme wa kuilisha hiyo ya saba, atalipa nani?

Tulikuwa hapo, sauti zimeanza kupanda, mita kubwa ikaanza kulia. Pii. Pii. Pii. Yuniti zinaisha, na mchango wa mwezi hakuna aliyeutoa, wote wanangoja hesabu ya choo iishe. Kikao kikavunjika bila mwenyekiti kukivunja. Nikasikia makomeo yakifungwa mlango kwa mlango, moja, mbili, tatu, nne, tano.

La sita lilikuwa langu.