Mteja Asiyefanana na Picha Yake

Binti wa dirishani, katika benki moja ya maeneo ya Posta, Dar es Salaam, aliniamkia kwa adabu, akaitazama picha ya ujana wangu kwenye kompyuta, akanitazama mimi, kisha akairudia picha kwa huzuni. Nilikuwa nimekwenda kuifufua akaunti iliyolala tangu enzi za mshahara wangu wa kwanza. Sahihi yangu ya wakati ule ilikuwa na mikia na madaha. Ya sasa, baada ya kusaini hati za mizigo bandarini mpaka nywele zikapukutika, imebaki mkwaruzo. Alama za vidole hukamilika mtu akiwa bado tumboni mwa mamaye, nazo zingeniokoa, ila siku hizo benki haikuzichukua.

"Basi mzee wangu, tujaribu swali la siri."

Nilifarijika. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alishikilia kwamba mtu hubaki yule yule kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo yake ya zamani, na kumbukumbu zangu, namshukuru Mungu, ni nzima.

"Unashabikia timu gani?"

Nyuma yangu alisimama shemeji yangu, kiongozi wa tawi la Yanga, aliyejitolea kunisindikiza.

"Yanga," nikajibu kwa kishindo.

"Siyo, mzee wangu."

Ukweli ni kwamba nilikulia Simba, nikahamia Jangwani nilipoposa, maana marehemu baba mkwe asingemwoza bintiye kwa mtu wa Msimbazi. Nikaanza kumweleza yule binti kwamba Erik Erikson aliyagawa maisha katika hatua nane, kwamba swali la "mimi ni nani" huwaka zaidi ujanani lakini mtu huendelea kujengeka hadi uzeeni, na kwamba mwanasaikolojia huyo mwenyewe alijitwalia jina la Erikson ukubwani, alipopata uraia wa Marekani. Hata klabu ninayoikwepa kuitaja, nikasema, iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971, wala hakuna aliyeidai picha ya utotoni.

"Mfumo unataka jibu moja tu, mzee wangu."

Nikainamia kioo, nikanong'ona.

"Sisikii, ongeza sauti kidogo."

"Simba!"

Nusu ya foleni ilipiga makofi. Akaunti ikafunguka, ikiwa na salio lisilotosha hata nauli ya bajaji. Shemeji hakunisemesha, alitoa simu, akampigia mke wangu.

"Dada, hivi wewe uliolewa na nani?"