Tyubu au metali halaidi: taa za tangi la matumbawe katika joto la Malindi

Mwenye nyumba moja ya wageni hapa Malindi amejengewa tangi la kioo kwenye baraza yake, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kina cha 60, na sasa amekwama kwenye taa. Ameletewa taa mbili za metali halaidi za mtumba, wati 250 kila moja, kwa bei ya kutupa. Fundi wake wa umeme naye anamshikilia anunue tyubu sita za aina ya T5, yaani taa nyembamba za fluoresenti, za wati 54 kila moja. Aliponiuliza achukue zipi nilimwambia tyubu. Baadaye niliona kwamba jibu lile lilikuwa fupi mno, kwa kuwa upande wa pili nao una haki yake, na waliofuga matumbawe chini ya taa zote mbili hawajawahi kukubaliana.

Tumbawe ni mnyama, lakini sehemu kubwa ya chakula chake hutengenezwa na zooksantela, mwani wa chembe moja anayeishi ndani ya nyama yake na kufanya kazi kwa nuru. Anayetembea kwenye mwamba siku za bamvua, saa nne au saa tano asubuhi maji yakiwa yamekupwa, hukuta matumbawe ya matawi yakiwa chini ya shubiri moja tu ya maji, na jua limeshakaza. Ukizama mita kumi, karibu wekundu wote wa jua umekwisha kumezwa na maji na kilichobaki zaidi ni buluu. Isitoshe, wakati wa kaskazi maji ya udongo ya Mto Sabaki husukumwa kusini mpaka kwenye ghuba yetu, na matumbawe yaliyo chini yake hukaa siku nyingi katika nuru hafifu kama ya machweo. Kwa hiyo mtu akiuliza taa gani inafaa matumbawe, kwanza aulizwe ni matumbawe yapi, na ya kina gani.

Metali halaidi ni taa ya jamii ile inayomulika viwanja vya mpira na maghala. Ndani yake mna kichupa kidogo cha kwatsi chenye mvuke wa zebaki, gesi ya agoni na chumvi za metali, na umeme hupita humo kama radi iliyofungwa. Nuru yote hutoka kwenye nukta moja ndogo, na hapo ndipo penye siri yake. Wavuvi wanaoijua karabai wataelewa: kile kifuko cheupe hakizidi ukubwa wa limau, lakini mwangaza wake hupenya maji na kuita samaki kutoka chini. Taa ya wati 250 iliyotundikwa vizuri hufikisha nuru ya kutosha kwenye mchanga wa tangi lenye kina cha sentimita 60, na matumbawe ya jamii ya Acropora, ambayo ndiyo magumu zaidi kuridhisha, hustawi chini yake hata yakiwa karibu na sakafu. Tena nuru ya nukta moja, ikipita kwenye maji yanayotikisika, huchora mchangani zile nyuzi za mwanga zinazocheza, kama tunazoziona tukichungulia kando ya mashua saa sita mchana. Nakiri kwamba hilo hunivuta kuliko hoja zote za kitaalamu. Tyubu haina mchezo huo hata kidogo. Tangi lake hung'aa sawasawa kama duka la dawa.

Usawa huo huo, hata hivyo, una faida. Chini ya metali halaidi, tawi la juu hulitia tawi la chini kivuli kikali, na upande uliokosa nuru hupauka au hufa. Tyubu sita zilizolala urefu wote wa tangi humulika kutoka pande nyingi kwa pamoja, hata nyuma ya jiwe, na mwenye tangi anaweza kuchanganya tyubu nyeupe na za buluu mpaka apate rangi anayoitaka. Wanaosema kwamba tyubu haziwezi matumbawe magumu mara nyingi husema kwa kumbukumbu ya tyubu nene za zamani, za milimita 38 au 26, zenye choki na stata, ambazo nusu ya nuru yake ilipotelea darini. T5 ina unene wa milimita 16 na huwashwa na balasti ya elektroniki, kifaa kinachodhibiti umeme wa taa. Kila tyubu ikipewa kiakisi chake chenyewe, theluthi ya juu ya tangi huweza kubeba hata Acropora. Ukishuka chini ya hapo nguvu hupungua upesi, na hapo metali halaidi hushinda bila ubishi.

Hadi hapa mizani ingeinamia metali halaidi kidogo, kama tangi lingekuwa Ulaya, ambako mfugaji hununua hita ya kupasha maji. Malindi mambo hugeuka. Mwezi wa Machi maji yaliyo ndani ya tangi barazani hufika digrii 29 au 30 kabla ya taa yoyote kuwashwa. Tulizijaribu zile taa za mtumba siku moja, tangi likiwa na maji na mawe tu: saa tatu asubuhi kipimajoto kilisoma 28.5, na ilipofika saa tisa alasiri kilikuwa kimepita 31. Tumbawe lililozoea bahari huanza kuumia joto likizidi kilele chake cha kawaida kwa digrii moja au mbili tu, likidumu hivyo. Yaliyotokea mwaka 1998 tunayakumbuka, pale El Niño ilipopasha bahari na matumbawe ya pwani nzima ya Kenya yakageuka meupe, mengi yakafa. Linalosahaulika ni kwamba joto halikufanya kazi hiyo peke yake. Joto huidhoofisha zooksantela ishindwe kuitumia nuru inayoipokea, na nuru kali ikizidi kuimwagikia, sumu hujikusanya ndani ya nyama mpaka tumbawe limfukuze mpangaji wake. Taa inayoongeza nuru na joto kwa mkupuo mmoja ndiyo ya kuogopwa katika nyumba yenye joto.

Wapo watakaopinga kwamba wati ni wati, na kwamba umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto. Ni kweli, ila kuna tofauti ya mahali joto linapokwenda. Metali halaidi hurusha sehemu kubwa ya joto lake kama miale inayotua moja kwa moja majini. Tyubu huacha lake hewani, ndani ya kasha, ambamo feni ndogo inaweza kulifukuza. Feni hiyo haifai kukosekana, kwa maana T5 hutoa nuru yake bora hewa inayoizunguka ikiwa digrii 35, na ndani ya kasha lililofungwa joto hupita hapo. Kwa hesabu ya saa tisa kwa siku, taa mbili za wati 250 hula yuniti 4.5 bila kuhesabu balasti, na tyubu sita hula yuniti 2.9. Atakayechagua metali halaidi ataongeza mashine ya kupoza maji, nayo ina tokeni zake. Wengine hutegemea feni inayopuliza juu ya maji, kwa kuwa kila lita inayofukizwa huondoka na joto la karibu theluthi mbili za yuniti moja. Lakini hewa yetu imeshajaa unyevu, kwa hiyo maji hayafukizwi kwa wepesi, na kila lita inayopotea lazima ifidiwe kwa maji matamu yaliyo safi, si haya ya visima vyetu yenye chumvi.

Stima ikikatika, tyubu huwaka papo hapo inaporudi. Metali halaidi hukataa mpaka kichupa kipoe, dakika kumi hadi kumi na tano. Hoja hii hupewa uzito usioistahili: umeme ukipotea, kinachoua tangi ni maji kusimama na hewa kuisha, wala si robo saa ya giza.

Metali halaidi zenye ncha mbili zina hatari nyingine. Balbu zake hazina kioo cha nje cha kuzuia miale ya urujuanimno, kwa hiyo kasha likikosa kioo chake, matumbawe huungua na macho ya wageni huumia. Zile za mtumba tulizozijaribu zilikuja na kioo kimoja chenye ufa, tukalazimika kukibadilisha kabla ya kuziwasha. Tyubu nazo hupatwa na adui wa pwani: hukaa karibu na maji, rasharasha ya chumvi hutua kwenye vichwa vyake, na kutu huanza mapema.

Gharama ya kubadilisha haipishani sana, kwani taa zote mbili hupoteza rangi yake yenye manufaa baada ya takriban mwaka mmoja, ingawa jicho letu, linalopenda kijani na njano, huziona bado nzima. Shida ni upatikanaji. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uuzaji wa tyubu za T5 na T8 za matumizi ya kawaida mwaka 2023 kwa sababu ya zebaki, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zimekubaliana kuziondoa tyubu za namna hiyo ifikapo mwisho wa 2027. Metali halaidi nayo ina zebaki, ila soko lake linafifia kwa sababu ya taa za LED. Anayejenga tangi la miaka kumi anapaswa kuziangalia hizo LED kwanza.

Mteja wangu lakini hana bajeti ya LED, na anachotaka kukifuga ni matumbawe laini na matumbawe uyoga, kutoka kwenye vipande vilivyooteshwa na vyenye vibali. (Asithubutu kuokota hata kipande kikavu ndani ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotengwa tangu 1968.) Viumbe hao hawahitaji jua la bamvua, na wati 500 juu yao zingekuwa adhabu. Kwake tyubu zinatosha, na pengine nne zingetosha kuliko sita. Angetaka Acropora mpaka kwenye sakafu, na tangi likiwa katika chumba chenye kiyoyozi, ningemwambia achukue metali halaidi, azitundike sentimita 30 juu ya maji, na atie tyubu mbili za buluu pembeni za kuwasha asubuhi na jioni. Taa zile bado ziko stoo kwake, na muuzaji amempa hadi mwisho wa mwezi aamue.