Kupumzisha nyota kabla ya Kombe la Dunia: nani apumzike, na apumzishwe kutoka wapi

Mpigaji Marnus Labuschagne hakuwamo kwenye kikosi cha awali cha Australia kwa ajili ya Kombe la Dunia la kriketi la 2023. Septemba mwaka huo alisafiri kwenda Afrika Kusini kwa sababu tu mpigaji mwenzake Steve Smith alikuwa anauguza kifundo cha mkono, na hata alipofika huko hakupangwa kuanza. Kwenye mechi ya kwanza, mjini Bloemfontein, mpira ukampiga kichwani Cameron Green wa Australia. Kanuni zinaruhusu mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo abadilishwe, basi Labuschagne akaingia, akapiga mikimbio (ndizo pointi za kriketi) 80 bila kutolewa, Australia ikashinda. Siku nane baadaye, mechi ya nne pale Centurion, mpira wa Gerald Coetzee, mrushaji wa Afrika Kusini, ukamvunja mkono Travis Head, mpigaji wa Australia.

Novemba 19, fainali, Ahmedabad, uwanja umejaa mashabiki wa India. Australia inatafuta mikimbio 241, imepata 47 na wiketi tatu zimeshaanguka, yaani wapigaji wake watatu wametolewa. Waliobaki katikati ya uwanja ni haohao wawili: Head, aliyekosa mechi za mwanzo za mashindano akisubiri mfupa uunge, na Labuschagne. Wakaongeza 192 kwa pamoja. Head alifikisha 137, mwenzake 58 bila kutolewa, na kombe likaenda Australia.

Anayetaka nyota wapumzishwe kabla ya mashindano makubwa atakuonyesha ule mkono wa Head. Anayetaka wacheze atakuonyesha Labuschagne. Na wote wawili wanazungumzia mfululizo uleule wa mechi tano, ambao Australia iliupoteza 3-2 baada ya kuongoza 2-0. Ndiyo maana ubishi wa "wapumzike" na "wasipumzike" hunichosha haraka. Unamweka mrushaji wa kasi na mpigaji kwenye kapu moja, na haumuulizi mtu yeyote mapumziko hayo yanakatwa kutoka kwenye mechi zipi.

Hapa Mwanza kriketi si mchezo wa kila kijiwe. Kwenye kahawa utasikia Simba, Yanga na Pamba Jiji. Lakini katikati ya mji yapo maduka ya vipuri na vifaa vya ujenzi ambako runinga iliyofungwa juu ya makopo ya rangi huwashwa mechi ya India inapoanza, na haizimwi mpaka duka linafungwa. Septemba 22, 2023 India ilikuwa inacheza na Australia mjini Mohali, wiki mbili tu kabla ya Kombe la Dunia. Rohit Sharma hayupo. Virat Kohli hayupo. Hardik Pandya na Kuldeep Yadav nao wamepumzishwa. Mzee mwenye duka moja nililozoea kununua misumari alikuwa amekunja uso.

"Shikamoo mzee. Mbona leo umenuna?"

"Marahaba. Kohli wangu wamemficha."

Kijana wake wa kaunta akadakia: "Wanamtunza kwa ajili ya kombe, mzee."

"Kombe si mwezi ujao? Mimi kisimbuzi nimelipia mwezi huu."

Hoja ya mzee ni nzito kuliko inavyosikika. Mechi za nchi kwa nchi zinauzwa kwa majina. Tiketi, haki za matangazo na vifurushi vya visimbuzi vinanunuliwa watu wakijua watamwona fulani, halafu orodha inatangazwa na fulani hayumo. Hata hivyo siku ile India ilishinda, chini ya unahodha wa KL Rahul, na Mohammed Shami akachukua wiketi tano. Mwezi uliofuata Shami alianza Kombe la Dunia akiwa benchi. Aliingia baada ya Pandya kuumia kifundo cha mguu dhidi ya Bangladesh, mjini Pune, akijaribu kuzuia mpira kwa mguu. Alimaliza na wiketi 24 katika mechi 7, na hakuna mrushaji aliyemzidi kwenye mashindano yale. Angalia lakini: Pandya alikuwa amepumzishwa Septemba, akaumia Oktoba. Mapumziko hayana kinga dhidi ya ajali. Yanachoweza kupunguza ni maumivu yanayotokana na kazi nyingi kupita kiasi, na hayo kwa sehemu kubwa ni ya warushaji wa kasi.

Hapo ndipo upande wa mapumziko una nguvu. Mrushaji wa kasi anakimbia, anaruka, anatua kwa mguu wa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, huku mgongo ukipinda na kujizungusha kwa wakati mmoja. Ova moja ni mipira sita. Kwenye kriketi ya ova 50 anaruhusiwa ova 10, yaani mipira 60 halali. Kwenye ova 20 anapata ova 4, mipira 24. Mgongo wa chini unaanza na ufa mdogo kwenye mfupa, na mtu akiendelea kurusha ufa unakuwa mvunjiko wa miezi.

Jasprit Bumrah, mrushaji wa kasi wa India, anaonyesha pande zote mbili. Mwaka 2022 aliukosa ubingwa wa Asia kwa sababu ya mgongo, akarudishwa Septemba dhidi ya Australia, akacheza mechi mbili, akaanguka tena na kulikosa Kombe la Dunia la ova 20. Machi 2023 alifanyiwa upasuaji nchini New Zealand. Safari hii walimpa muda: alirudi Agosti, Ireland, tena akiwa nahodha wa kikosi cha vijana. Juni 2024, India ilipotwaa Kombe la Dunia la ova 20 kwa kuifunga Afrika Kusini kwa mikimbio 7 mjini Bridgetown, Bumrah ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mashindano, wiketi 15, na wastani wa mikimbio 4.17 tu kwa ova. Kisha Januari 2025 mgongo ukamsumbua tena Sydney, kwenye mechi ya siku tano, akaikosa michuano ya Kombe la Mabingwa. India ikalitwaa bila yeye.

Kuna jambo ambalo mashabiki wa mapumziko hawalisemi kwa sauti. Wataalamu wa mwili wanaonya kwamba hatari haiko kwenye wingi wa mipira peke yake, iko pia kwenye kuruka ghafla kutoka mipira michache kwenda mingi. Mrushaji aliyelazwa wiki sita halafu akatupwa kwenye Kombe la Dunia kurusha ova 10 kila baada ya siku tatu amewekwa palepale pabaya. Kumpumzisha vizuri ni kumhesabia mipira mwaka mzima, kumpunguzia hapa na kumwongezea pale. Kumfungia ndani mwezi wa mwisho ni hofu tu.

Kwa wapigaji mimi sioni sababu kubwa. Mpigaji naye anachoka, hasa akili, na safari za viwanja na hoteli mwaka mzima si mchezo. Ila kiungo chake kikuu ni macho na mazoea. Anahitaji kukaa uwanjani na mwenzake, wajue nani anaita mbio na nani anasita. Uingereza ilikuwa bingwa 2019, kisha kwa miaka minne ikawa vigumu kuiona timu yake bora ikicheza pamoja kriketi ya ova 50. Joe Root alicheza mechi chache mno za aina hiyo. Ben Stokes alistaafu kabisa kriketi hiyo Julai 2022 akisema ratiba haibebeki, halafu akarudishwa kwa ajili ya Kombe. Walipofika India 2023 walikuwa majina makubwa waliokutana kama wageni. Walifungwa na New Zealand kwa wiketi 9 (wapinzani walitolewa mtu mmoja tu) siku ya ufunguzi, wakafungwa na Afghanistan mjini Delhi, wakafungwa na Afrika Kusini kwa mikimbio 229 mjini Mumbai. Walimaliza wa saba kati ya timu kumi.

Anayepinga atanijibu kwamba Australia nayo ilifika na nahodha Pat Cummins ambaye hakwenda Afrika Kusini kwa sababu ya kifundo cha mkono, ikafungwa mechi mbili za kwanza, kisha ikashinda tisa mfululizo. Ni kweli, na inanizuia kusema kwamba kukosa maandalizi kunaua timu. Nasema tu kwamba Australia walikuwa na bahati ya ratiba ndefu: mechi tisa za hatua ya kwanza zinakupa nafasi ya kujifunza ukiwa ndani ya mashindano. Kwenye kombe la ova 20, ambako unaweza kutoka baada ya mechi nne, nafasi hiyo hakuna.

Sasa tuje kwenye lile linaloniudhi zaidi. Mapumziko karibu kila mara yanakatwa kwenye mechi za nchi, mara chache sana kwenye ligi za kulipwa. Kane Williamson wa New Zealand aliumia goti Machi 31, 2023, kwenye mechi ya ufunguzi ya ligi ya India (IPL), akafanyiwa upasuaji na kuanza kuhesabu siku za kuwahi Kombe la Dunia. Wanindu Hasaranga wa Sri Lanka aliumia paja kwenye ligi ya kwao Agosti, akalikosa Kombe kabisa. Afrika Kusini walienda mbali zaidi: walijitoa kwenye mechi tatu za Januari 2023 dhidi ya Australia, wakakubali kupoteza pointi za kufuzu Kombe la Dunia, ili wachezaji wao wawepo kwenye ligi mpya ya nyumbani.

Wavuvi wa dagaa huku ziwani hupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu taa hazivuti dagaa penye mbalamwezi. Mtumbwi wa tajiri na wa maskini yote inavutwa ufukweni, watu wanashona nyavu. Kriketi haina mbalamwezi. Anayeamua nani alale ni mwenye fedha, na mwenye fedha hazimi taa zake mwenyewe.

Tuwe wa haki hapo pia. Umri wa mchezaji ni mfupi na ligi ndizo zinazomjengea nyumba. Trent Boult alipoachana na mkataba wa New Zealand Agosti 2022 ili awe na muda zaidi na familia na acheze ligi, sikumlaumu, na bado alikuwepo Kombe la Dunia la 2023. Tena vyama vya nchi ndivyo vyenye ligi hizo au hisa ndani yake. Fedha za IPL zinalisha kriketi ya India mpaka kwa watoto. Lakini kama chama ndicho mwenye ligi, basi chama hichohicho kinaweza kumwambia mrushaji wake akae nje mechi nne za Aprili. Ni mara chache sana kinafanya hivyo.

Anayelipa ni timu ndogo. Julai 2024, wiki moja baada ya kutwaa kombe, India ilipeleka Harare kikosi cha vijana chini ya Shubman Gill. Zimbabwe wakashinda mechi ya kwanza kwa mikimbio 13, mji ukafurahi, na bado kuna aliyebeza kwamba "hiyo si India yenyewe." Ushindi wako unapunguzwa thamani na uamuzi uliofanywa ofisini kwa mwingine. Kwa upande wa pili, kesho yake kijana Abhishek Sharma, aliyekuwa ametolewa bila mkimbio hata mmoja kwenye mechi ile ya kwanza, alipiga mikimbio mia moja, na India ikaishia kushinda 4-1. Bila wakubwa kupumzika, asingekuwepo. Hapa mizani inanishinda, nikiri.

Kwetu tatizo limegeuka kichwa chini. Tanzania, Uganda na Kenya hazina nyota wa kuwapumzisha kwa sababu mechi zenyewe ni haba. Frank Nsubuga wa Uganda alikuwa na miaka 43 alipocheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Juni 2024 nchini Guyana. Dhidi ya Papua New Guinea alirusha ova zake 4 akatoa mikimbio 4 na kuchukua wiketi 2, Uganda ikashinda. Huyo alikuwa amepumzika vya kutosha, kwa maana mbaya. Oktoba 2025, Harare, Tanzania ilifika nusu fainali ya kufuzu Kombe la ova 20, ikafungwa na Namibia. Ushindi mmoja tu ungetosha kuipeleka India na Sri Lanka. Vijana wale hawakuhitaji siku za kulala. Walihitaji mechi kumi ngumu zaidi kabla ya ile, na timu kubwa zikija Afrika kucheza na majirani zetu zije na warushaji wao halisi.

Kombe lijalo la ova 50 ni Oktoba na Novemba 2027, Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Kwangu mpango unaofaa ni huu: warushaji wa kasi wahesabiwe mipira kuanzia Machi, ligi zikiwemo, wapigaji na nahodha wacheze pamoja mfululizo wa mwisho mzima, na orodha ya watakaopumzishwa itoke kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, ili mzee wa duka la misumari aamue mwenyewe kama analipia kisimbuzi mwezi huo.